Acha Kiti Kimoja Wazi

Wanaonipigia simu kutaka kupanda milima ya kaskazini mwa Kenya huanza na gari. Ni Land Cruiser au Land Rover? Ni ya dizeli? Ina winchi? Nawajibu, ni haki yao kujua, kisha nawauliza wako wangapi. Wakisema watano, naona mazungumzo yameingia ugumu, kwa sababu gari langu lina nafasi ya abiria watano na nafasi moja haiuzwi. Kiti kile cha mbele, kando ya dereva, kina wenyewe. Ila hao wenyewe bado hatujawajua. Tutawakuta njiani.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mtoto wa Majengo, na kazi ya lori ndiyo iliyonifikisha Isiolo zama zile lami ikiishia hapo. Ukitoka mjini kuelekea Marsabit ulikuwa unaingia kwenye vumbi na hofu ya majambazi. Malori yalingojeana mpaka msafara ukamilike, askari wakapanda na bunduki zao juu ya mizigo, ndipo tukaondoka. Abiria walikaa juu, miguu yao ikining'inia juu ya migongo ya ng'ombe, mikono imekamata mabomba ya bodi. Leo lami imenyooka kutoka Isiolo hadi Moyale, kwenye mpaka wa Ethiopia, kiasi cha kilomita 500. Mtu huondoka Nairobi alfajiri akala chakula cha usiku Marsabit. Naipenda lami hiyo, nisiwe mnafiki. Mgongo wangu unaishukuru kila siku. Lakini milima haikuhamia kando ya lami. Ndoto, Nyiro na Kulal bado iko kule kule, upande wa magharibi, na kuifikia ni lazima ukate kona uache raha.

Kwa asiyeijua nchi yenyewe: ukivuka mto Ewaso Nyiro pale Archer's Post, ardhi inazidi kukauka. Miiba, mchanga, mawe meusi ya volkano, ngamia. Kisha milima inajitokeza katikati ya ukavu huo. Safu ya Ndoto inapita mita 2,600. Nyiro, ulio juu ya mji mdogo wa South Horr, unapita mita 2,700, na Wasamburu hupanda huko kusali. Kulal, unaolitazama Ziwa Turkana, unakaribia mita 2,300, ilhali ziwa lenyewe liko kwenye mita 360 hivi tu. Chini utatoka jasho hata ukiwa umelala kivulini. Juu kuna msitu wa ukungu, na usiku blanketi moja halitoshi. Malisho ya bondeni yakiisha, wafugaji hupandisha ng'ombe huko. Kwa hiyo njia nyingi tunazopita na magari zilikuwa njia za mifugo kwanza. Wafugaji walizichagua, malori ya mahindi na magari ya wamisionari yakazipanua, sisi wa utalii tumekuja juzi.

Watu wa mjini wana imani kubwa na nguvu ya injini. Gari likizama kwenye mchanga, mtu anakanyaga mafuta. Likizidi kuzama, anazidi kukanyaga, mpaka ekseli inalala chini. Mimi nikiulizwa siri ya kupita mchangani nasema ni upepo wa tairi. Kwenye lami, gari likiwa na mzigo, tairi za nyuma naziwekea paundi 40. Tukiacha lami pale Laisamis nashuka na geji yangu, nazipunguza hadi 28. Tukifika kwenye laga, mto mkavu wenye mchanga mzito, nashuka tena hadi 18. Tairi likilegea linatanda, linaikanyaga ardhi kwa urefu, uzito unagawanyika na mchanga unalibeba. Likijaa linachimba. Hata kwenye mawe makali, tairi lililolegea kidogo hujikunja juu ya jiwe. Lililojaa huchanika ubavuni, na ubavu ukichanika hakuna fundi wa pancha atakayekusaidia. Ila ukilegeza usikimbie. Tairi laini likienda mbio hupata moto, ama huchomoka kwenye rimu ukipiga kona. Ndiyo maana pampu yangu ndogo ya umeme naithamini kuliko winchi. Winchi inataka mti wa kushika, na jangwa la Chalbi halina mti.

Changarawe nayo ina adabu zake. Magari yakiipita sana hujikunja mfano wa paa la mabati. Ukienda polepole meno yanagongana. Ukienda kasi gari linaelea juu ya mikunjo, mtikiso unapungua, na wageni wanapiga makofi. Wasichojua ni kwamba wakati huo breki hazishiki vizuri, kwa kuwa tairi liko hewani nusu ya muda. Mtikiso huo hulegeza kila kitu. Kila tukisimama kunywa chai, mimi naingia chini na spana: nati za magurudumu, mikono ya usukani, vishikio vya shokomzoba, bolti za springi. Mgeni mmoja aliniambia naonekana sina imani na gari langu. Kweli, sina. Gari ninalolikagua ndilo linalonirudisha nyumbani.

Mafuta na maji nitayasema kwa kifupi. Gari likipanda mlima kwa gia nzito hunywa dizeli maradufu ya lile la lami, na nje ya miji mikubwa dizeli huuzwa kwenye mapipa na madumu, kwa hiyo beba kitambaa safi cha kuchujia. Maji, weka lita tano kwa kila mtu kwa siku, kisha ongeza ya radieta. Tairi za akiba ziwe mbili. Simu ya setilaiti ikipatikana ni bora, maana ukishatoka mjini mtandao unakatika.

Sasa turudi kwenye kile kiti.

Laga ni mto usio na maji. Karibu mwaka mzima ni barabara pana ya mchanga mweupe yenye migunga kingoni, na kwa macho ya mgeni ndipo mahali pazuri pa kupiga hema: pana kivuli, pametandazika, hapana mawe. Lakini mvua ikinyesha juu ya mlima, hata kama ni mbali kiasi cha kutoona wingu lolote, maji hushuka kwa mkupuo mmoja. Hayaji kidogo kidogo ukapata muda wa kukunja hema. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na miezi hiyo mimi sipeleki mtu kwenye milima ile, hata akilipa mara mbili. Hata nje ya misimu hiyo mlima hufanya utakavyo.

Safari moja, chini ya safu ya Ndoto, alikuwa ameketi kitini mzee mmoja wa Kisamburu tuliyempata kwa chifu, akienda kumwona binti yake. Hakuwa msemaji. Amevaa shuka, fimbo kati ya magoti, kichwa kimegusa kioo, nilidhani amesinzia. Tulipofika ukingoni mwa laga nikashuka kulegeza tairi. Mbingu nyeupe, jua kali, mchanga mkavu. Wageni wangu wamekwisha toa kamera.

"Dereva," akasema, "zima gari."

"Kuna nini, mzee?"

"Akina mama wameondoa mabirika."

Akaninyooshea fimbo upande wa juu wa laga. Pale ambapo kwa kawaida wanawake na vijana huchimba visima mchangani na kuweka mabirika ya mbao ya kunyweshea mbuzi, palikuwa na mashimo matupu. Mabirika yote yalikuwa yamepangwa juu ya ukingo, chini ya mti. Watu wa juu walikuwa wamepeleka habari tangu usiku kwamba Ndotoni kunanyesha. Hakuna aliyeandika tangazo. Mabirika yenyewe ndiyo yaliyokuwa tangazo.

Tukakoka moto. Chai haijachemka, tukasikia mlio, nami nikadhani ni lori. Maji yakatokea kwenye kona yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, mbele yamesukuma povu, matawi na shina zima la mgunga. Yalijaza laga kutoka ukingo hadi ukingo. Usiku yakapungua, asubuhi yakabaki vidimbwi, na hapo tena wageni wakataka kuondoka. Mzee akavua viatu, akaingia kwa miguu na fimbo yake, akawa anachoma mchanga hatua kwa hatua. Baada ya mafuriko mchanga huonekana umekaza kumbe chini ni uji. Alipata pa kuvukia mbali na njia yenyewe, tukapita kwa gia nzito bila kusimama, bila kubadilisha gia, bila mbwembwe.

Gari la mamilioni ya shilingi halina chombo cha kusoma mabirika. Ramani ya simu inayo laga, ila haijui kama leo ina maji. Ndiyo maana kiti kibaki wazi, na kijazwe kila sehemu na mtu wa sehemu hiyo. Msamburu wa Ngurunit ataijua Ndoto kwa usingizi, lakini akifika kwa Wagabra huko Chalbi ni mgeni kama wewe. Tunamshusha, anaingia mwingine. Simchukui mtu yeyote anayeinua mkono barabarani. Namuuliza chifu, au mwenye duka, maana mwenye duka anajua nani ametoka wapi na nani anadaiwa nini. Mwongozaji analipwa, na nauli ya kurudi kwao anapewa mkononi kabla hatujaachana.

Kuna wageni hunung'unika kwamba wamekodi gari zima. Nawaelewa. Hunyamaza siku ya kwanza tunapofika kwenye visima. Kwenye laga za Wasamburu, visima vingine vina kina kirefu hivi kwamba vijana husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo, huku wakiimba, na kila ukoo una wimbo wake ambao ng'ombe wao huutambua wakasogea. Ukiingia na gari pale bila mtu wa pale, ng'ombe wanatawanyika, kazi ya asubuhi nzima imeharibika, na kamera yako itakuletea maneno. Ukiingia na mzee wao, anashuka peke yake, anaenda, anazungumza habari za mvua, za ugonjwa wa mbuzi, za nani ameoa. Muda wa kutosha. Kisha anarudi na kusema tuegeshe wapi na kamera zibaki ndani au zitoke. Mara nyingine zinabaki ndani. Basi.

Usalama nao ni habari za watu. Mwaka 2012 askari zaidi ya 40 waliuawa karibu na Baragoi walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa, na hao walikuwa na silaha. Wizi wa mifugo kati ya jamii za huko haujaisha. Ziko wiki ambazo njia ya Baragoi inapitika kama ya Malindi, na ziko wiki ambazo hakuna mwenye akili anayeikaribia. Kituo cha polisi kitakuambia, chifu atakuambia, madereva wa malori ya mbuzi watakuambia mapema kuliko wote. Wakati mwingine anayekaa kile kiti ni polisi wa akiba na bunduki yake kati ya magoti, na siku hiyo hakuna anayenung'unika kuhusu nafasi.

Wengine huniuliza kuhusu Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989, ambapo magari hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10 na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Nayaheshimu. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa Aberdare, wanyama na wakulima wakatenganishwa. Lakini mtu aliyeyatazama hunijia akitaka kukata porini moja kwa moja, na kaskazini hilo silikubali. Alama ya tairi kwenye ardhi kavu hukaa miaka. Mvua ikija hupita humo humo, ikachimba, ikawa korongo, na nyasi za mtu zimekwenda. Tunafuata njia iliyopo hata kama inazunguka.

Kutoka Laisamis leo kuna barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, kilomita 208 hadi Sarima. Zamani safari hiyo ilivunja watu na springi. Sasa unapita South Horr, bonde lenye kivuli chini ya Nyiro, kisha nchi inafunguka na unaona mitambo: 365, myeupe, mabawa yakizunguka mchana na usiku. Ni megawati 310, umeme unaosafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Upepo unabanwa kati ya Nyiro na Kulal, ndipo unapata nguvu ile. Mimi nikipita pale natazama nguzo zinavyopita juu ya manyatta na kujiuliza nani alipanga zianzie mbali hivyo kusambaza mwanga. Lakini barabara nimeipokea kwa mikono miwili.

Upepo huo una somo la gari: egesha ukiuelekea. Ukiupa mgongo na kufungua mlango, unaung'oa mlango na bawaba zake. Hema usilifunge kwenye mchanga mtupu. Lifunge kwenye gari.

Ziwa ukilitazama kwa mara ya kwanza kutoka juu ya mawe meusi, utasahau kila kitu nilichokuambia kuhusu tairi. Wasafiri wa Kizungu Von Höhnel na Teleki walifika hapo 1888 wakaliita jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Tangu 1975 ni Turkana. Wasafiri wengi hulala Loiyangalani, wakapiga picha, wakageuza. Mimi nawahimiza waongeze Kulal, kwa sababu ndio mlima unaolipa.

Kuupanda huo si mchezo, na mwendo wake ni wa kobe. Naweka gia nzito kabla ya kilima, si katikati yake. Gia ya kwanza, mguu mbali na klachi, injini inaguguma yenyewe. Mawe ni makubwa, mengine yametoka mlimani jana. Mtu mmoja hushuka na kutembea mbele akinionyesha kwa mkono gurudumu lipite wapi, na ni mmoja tu. Wakiwa wawili wanaoelekeza, gari linakwenda kwa wa tatu. Safari ya mwisho kiti kilikuwa cha mama mmoja wa Gatab, kijiji kilicho huko juu, aliyekuwa akirudi na magunia ya unga na mafuta ya kupikia.

"Baba," akaniambia kwenye kona moja, "hapa usijaribu kukata mara moja. Rudi nyuma mpaka ule mti, halafu ndiyo upinde."

Kwa macho yangu kona ilitosha. Lakini yeye ameipita juu ya malori, akiwa na mimba, akiwa na mgonjwa, kwenye ukungu usioonyesha boneti. Nikarudi nyuma mpaka ule mti.

Juu ni nchi nyingine. Mierezi, mizeituni mwitu, baridi, kengele za ng'ombe ambao huwaoni. UNESCO iliutambua Kulal kuwa hifadhi ya uhai tangu 1978, na kuna ndege mdogo wa kijani mwenye miwani nyeupe ambaye duniani hapatikani ila pale. Katika ukame ule uliozidi, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, wenye mifugo iliyobaki walikimbilia huko. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua ikaja yote kwa pamoja, na laga zikakata barabara. Mama yule aliyaeleza haya kwa majina ya ng'ombe wake.

Kuteremka ni kugumu kuliko kupanda, japo hakuna anayeamini mpaka ateremke. Usitegemee breki, zitapata moto na kukuacha. Gia ile ile ya kwanza nzito, injini ndiyo inayolizuia gari. Ukikutana na anayepanda, wewe unayeshuka ndiye unayempisha, kwa sababu yeye akisimama hataondoka tena kirahisi.

Baadaye tulizunguka kaskazini, tukapita North Horr na Kalacha tukikata Chalbi, tambarare ya chumvi ambayo ikikauka unaweza kuendesha macho yakiwa nusu wazi, na ikilowa inameza lori. Kijana wa Kigabra aliyekuwa kitini alitupitisha pembezoni, mbali na sehemu iliyong'aa, na akashuka Maikona bila kuaga sana.

Marsabit nilipeleka gari kwa fundi. Akaingia chini na tochi, akawa anakwangua uchafu kwa kucha.

"Mzee, mmepanda Kulal."

"Umejuaje?"

"Udongo mwekundu huu uko ndani kabisa. Juu yake kuna vumbi la mawe ya Loiyangalani. Na hii nyeupe ya juu kabisa ni Chalbi." Akatoka, akajipangusa mikono. "Springi ya nyuma kushoto ina ufa, nitaibadilisha. Lakini kwanza gari lioshwe, leo leo. Ukilala na chumvi hii, mwezi ujao utaniletea kutu."

Nikamuuliza bei ya kuosha. Akataja, nikasema kwa bei hiyo Mombasa wanaosha meli. Tukaanza upya.